Sumu ya Kusema

Chiriku alikuwa na miaka minne na nusu alipokataa kula nyumbani kwa baba yake, na siku za mwanzo mama yake alifurahi.

Hakufurahi hadharani. Mama Chiriku hakuwa mtu wa kuonyesha meno ovyo. Alikuwa mwokaji wa mikate, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyokomaa kwa kukanda, na usemi wake ulikuwa mkavu: akisema ndiyo ni ndiyo, akisema la ni la. Lakini aliposikia kwamba mwanawe anaisukuma sahani ya mwanamke mwingine, moyo wake ulipiga vigelegele kimyakimya.

Mwanamke mwingine huyo alikuwa msusi. Baba Chiriku, dereva wa lori la masafa marefu, alimwoa baada ya kuachana na mama Chiriku, tena baada ya muda wa kutosha. Hakuna aliyeporwa mume. Ndoa ile ilikufa kifo chake yenyewe, na mama Chiriku alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo kila alipopita mbele ya saluni ya yule bibi alitembea kama anayekanyaga misumari.

Mambo yalizidi bekari ilipobadilisha zamu. Alitakiwa kuwa kwenye mashine ya kukandia kabla hakujapambazuka. Mtoto abaki na nani? Bibi yake alikuwa mbali, na jirani alikuwa na wa kwake wa kumtosha. Ikabidi wakubaliane: siku za kazi Chiriku alale kwa baba yake, mwisho wa wiki arudi kwa mama. Na kusema "kwa baba yake" kulikuwa kusema tu, maana baba mwenyewe alionekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Aliyemwogesha mtoto, akampeleka chekechea na kumfunika shuka, ni msusi. Chiriku alimwita Mama Mdogo.

Kila Ijumaa mama alimpokea mwanawe akinukia mafuta ya nywele ya mtu mwingine. Kichwa kimesukwa mistari myembamba, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Watu njiani walisimama kusifia. Mama aliitikia, "Asante, asante," na wakifika nyumbani tu anamkalisha mtoto katikati ya magoti yake, anafumua yote, anasuka upya kwa mkono wake mwenyewe. Mkono huo ulijua mikate. Mistari ilikwenda upande kama ng'ombe wasiochungwa.

"Mama, hii inauma," Chiriku alisema.

"Vumilia. Hii ni ya mama yako."

Chiriku lilikuwa jina la utani, kwa sababu alianza kuongea mapema na hakuwahi kupumzika. Siku aliyoambiwa mara ya kwanza kwamba yeye ni chiriku, alikwenda kujitazama mgongo kwenye kioo, akarudi na malalamiko: "Mbona sina mabawa?" Ndivyo alivyokuwa. Kwake neno lilikuwa kitu; ukisema kipo, basi kipo. Mama akirudi kazini akajitupa kitini na kusema, "Leo sina miguu," mtoto alikuja akainua pindo la gauni, akakagua, akamtuliza: "Unayo. Yote miwili."

Mama aliipenda sana tabia hiyo. Alijiona humo. Huyu wangu, aliwaza, hata masikio yake kayatoa kwangu.

Ila saluni haina masikio ya namna hiyo. Saluni ni mahali ambapo wanawake wanakaa saa nzima kichwa kikiwa mikononi mwa mtu na ulimi uko huru, na hakuna anayesema jambo kwa jina lake. Chiriku alikaa kwenye kibenchi cha pembeni akichezea rola, akisikia yote, na Ijumaa moja alirudi na swali.

"Mama, kuna mama mmoja pale saluni, mume wake ana mkono wa birika. Sasa anashikaje kijiko?"

"Hana mkono wa birika. Ni mchoyo tu."

"Sasa kwa nini hakusema mchoyo?"

Mama hakuwahi kujiuliza. "Kamuulize aliyesema," akajibu.

Chiriku alitii. Wiki iliyofuata alirudi na jibu kamili. Mama Mdogo alikuwa ameshusha birika kutoka rafuni, akamwonyesha mkono wake: umejikunja, umejishika kiuno, haunyooki kumpa mtu kitu. Mwisho wote wa wiki ile mtoto alitembea na mkono kiunoni, na kila alipoombwa biskuti alisema kwa fahari, "Siwezi. Mimi birika leo." Mama alicheka mpaka machozi. Kisha akakumbuka nani aliyeshusha lile birika, na kicheko kikakatika.

Kumbe hata kicheko cha mwanawe sasa kilitokea kule.

Jumamosi zamu ilikuwa nusu siku, na mama alimchukua Chiriku bekari. Alimkalisha juu ya kreti tupu karibu na meza, akammwagia unga kidogo wa kuchorea kwa kidole. Mwenzake wa kukanda alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, waliyemwita Bi Hamira, kwa kuwa habari yoyote ikipita mikononi mwake lazima iumuke.

"Mtoto kapendeza," Bi Hamira alianza. Asubuhi hiyo mama alikuwa bado hajapata nafasi ya kufumua. "Nani kamsuka?"

"Unajua ni nani."

"Mkono anao. Na mdomo pia anao, jamani. Juzi kanisalimia njiani, maneno asali tupu."

"Asali?" Mama alilipiga donge la unga mezani. "Usidanganyike na asali ya yule. Yule ana sumu mdomoni. Kila kinachotoka mdomoni mwake ni sumu, sikia nikuambie. Ukitaka kufa, mkaribie."

Bi Hamira alicheka kwa tumbo zima. Mama akaona nafuu kidogo, kama mtu aliyetoa kijiwe kwenye kiatu. Juu ya kreti kidole cha Chiriku kilikuwa kimesimama katikati ya unga, na hakuna aliyekitazama.

Jumatatu yake mtoto alikataa supu.

Wiki ya pili msusi alikuja mwenyewe bekari. Alisimama kwenye dirisha la kuuzia, kitambaa kichwani, mkoba umebanwa kwapani, na akangoja wateja wapungue.

"Habari za kazi, dada."

"Salama."

"Nimekuja kwa jambo la mtoto. Hali."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Kwangu hali. Anatafuna mkate mkavu, ndizi anamenya mwenyewe, basi. Supu hataki, wali hataki, maziwa ndiyo kabisa. Nikimuuliza una njaa, anasema anayo. Nikimuuliza chakula kibaya, anasema kizuri. Ananitazama tu, kama mtu aliyekuja kunipa pole." Msusi alisogea karibu na dirisha. "Nikuulize, dada. Kwako anakula nini? Nimpikie hicho hicho."

"Anakula ninachopika."

"Unapikaje?"

"Kama mama."

Msusi alilimeza neno lile bila maji. Nyuma ya rafu Bi Hamira alikohoa, kikohozi cha mtu anayekaba kicheko. Msusi akashukuru, akanunua mkate, akaenda zake. Mama Chiriku alimsindikiza kwa macho mpaka kona, na siku nzima ile mikono yake ilikuwa myepesi. Mtoto anajua, alijisemea. Mtoto ana damu, na damu haidanganyiki kwa supu.

Ijumaa Chiriku alikula kwake kama aliyetoka jangwani. Sahani ya kwanza, ya pili, akalamba kijiko. Mama alimpakulia huku roho imetulia. Aliviona vifupa vya mabega vilivyoanza kuchungulia kwenye kola ya gauni. Aliviona, akavipita, kama mtu anavyompita njiani mtu asiyetaka kumsalimu.

Alhamisi iliyofuata, mwalimu wa chekechea alimpigia simu kazini. Chiriku alikuwa amepata kizunguzungu wakati wa michezo, wamemlaza kidogo, wamempa maji ya sukari, na mama yake mwingine ameshamchukua.

"Mama yake mwingine?" mama Chiriku aliuliza.

"Yule anayemleta kila siku," mwalimu alisema, bila ubaya wowote.

Mama hakuvua hata aproni. Alitoka na unga mpaka kwenye nyusi, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Leo namtoa mwanangu pale. Leo atanijua. Kama hawezi kumlisha mtoto wa mwenzake, aseme hawezi. Alikuwa na maneno ya kujaza gunia, na mengine alikuwa ameanza kuyasema kwa sauti, watu walimpisha.

Mlango wa saluni ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na wateja wawili. Mmoja alikuwa chini ya draya, kichwa kimemezwa na kofia ya joto, akisoma simu. Wa pili alikuwa na mtoto mchanga mapajani, na kile kichanga kilikuwa kinalia kwa sababu unywele umekiingia jichoni. Msusi aliinama, akainua kope ya kichanga kwa kidole gumba, akachongoa midomo ili apulize.

"Usimpulizie!"

Chiriku alikuwa amelazwa kwenye kibenchi cha pembeni. Aliruka kutoka pale, akamvaa msusi miguuni, akamvuta sketi kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ambazo hazikuwa nyingi.

"Usimpulizie, Mama Mdogo! Atakufa! Mtoto atakufa!"

Mwenye kichanga alikikumbatia. Msusi alipiga magoti sakafuni, kwenye vipande vya nywele, uso kwa uso na Chiriku.

"Afe kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sumu."

"Sumu gani?"

"Ya mdomoni mwako." Chiriku alikuwa akilia, lakini akateremsha sauti, akamshika shavu, kama anayempa mgonjwa habari za ugonjwa wake. "Pole. Najua ulikuwa hujui."

"Nani kakuambia nina sumu mdomoni?"

"Mama."

Hapo ndipo msusi alipoinua macho kwenye kioo, na kwenye kioo akamwona mama Chiriku amesimama mlangoni. Vioo vilikuwa pande mbili, na mama Chiriku alijiona mara nyingi: mwanamke mwenye unga usoni, na nyuma yake mwingine, na nyuma yake mwingine, wote midomo wazi.

"Makubwa haya," alisema mwenye kichanga.

Mteja wa draya alitoa kichwa. "Kuna nini? Mbona sisikii?"

Msusi alikuwa bado kwenye magoti, na polepole alipeleka kiganja akafunika mdomo wake mwenyewe. "Supu," alisema kupitia vidole. "Kila siku naipuliza ipoe. Ya moto, ataungua, naipuliza. Wali, naupuliza. Maziwa." Akamtazama mama Chiriku, si kwa hasira. Ingekuwa hasira, mama angejua pa kuikamata. "Dada, twende jikoni."

Jiko lilikuwa nyuma ya pazia. Mama Chiriku hakuwahi kufika huko. Kila kitu kidogo mle kilimchoma: kikombe chenye mkono kilichotundikwa msumari wa chini, mahali ambapo mtoto anafikia, kigoda cha kupandia kwenye sinki, gauni la chekechea limefuliwa, limepigwa pasi hata kola. Alitamani kuona uchafu. Alitafuta kwa macho, hakuona.

"Ungeniambia mimi," msusi alisema kwa sauti ya chini. Chiriku alikuwa amesimama kati yao, mkono mmoja kwenye aproni, mwingine kwenye sketi. "Mimi mtu mzima. Ningejua hilo ni tusi, ningekurudishia la kwako, tungemalizana. Huyu kalichukua kama lilivyo."

Lile gunia la maneno aliyotoka nayo bekari mama Chiriku alilitafuta, akalikuta tupu. Alichuchumaa.

"Chiriku, sikiliza. Mama Mdogo hana sumu."

"Ulisema anayo."

"Nilisema. Lakini haikuwa kweli."

"Wewe husemi uongo."

"Haikuwa uongo pia. Ilikuwa... ni maneno ya kusema tu. Kama lile birika."

Chiriku alifikiri, paji limejikunja. Birika alilielewa, alilishika kwa mkono. Sumu hakuiona. Aliyeiona ni mama, na mama akisema tanuri lina moto, tanuri huwa lina moto. Akatikisa kichwa. "Wewe ulisema ukitaka kufa, mkaribie."

Siku zote hizo mama Chiriku alikuwa ameomba jambo moja tu: mwanawe amwamini yeye kuliko yule. Sasa alikuwa ameaminiwa, na mtoto alikuwa amekonda kwa imani hiyo.

Msusi hakungoja. Alichota supu sufuriani, mvuke ukapanda. Akaleta kijiko usawa wa midomo, akapuliza mara mbili tatu, taratibu, jinsi mtu anavyompulizia mtoto. Halafu hakumpa mtoto. Alimnyooshea mama.

Wakatazamana juu ya kile kijiko. Mama Chiriku alijua akikataa, hata kwa kusitasita, ameitia sumu upya. Akafumbua mdomo kama kinda, akalishwa na mkono wa msusi, mkono ambao kwa muda wote huo hakutaka hata kuushika kwa salamu.

Supu ilikuwa tamu. Hilo nalo lilimuuma.

Chiriku alimkodolea macho. "Unakufa?"

"Sifi."

"Bado kidogo?"

"Sifi, mwanangu. Tazama." Akachukua kijiko cha pili, akakitoa mwenyewe kwa msusi apulize, akala.

Msusi alipumua puani, karibu acheke. Mtoto alisogea, akagusa tumbo la mama, akagusa midomo ya msusi kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole. Mwishowe akapanda kigoda, akaketi, akafumbua mdomo wake. Alikula bakuli zima. Walimtazama wote wawili, na hakuna aliyekaa.

Alipomaliza aliuliza, "Sasa kwa nini ulisema?"

Mama angeweza kupindisha. Lakini mazoea ya maisha ni mazoea, kupindisha hakukujua. "Nilikuwa na wivu," alisema, macho kwenye sakafu.

"Wivu ni nini?"

"Ni... Una kitu chako unakipenda. Mwenzako akakishika. Hajakiharibu, kakishika tu vizuri. Basi tumbo lako linawaka."

"Linawaka moto?" Chiriku alishuka kigodani haraka, akaweka kiganja kwenye aproni. Pakavu, hapana joto. "Hakuna moto. Ya kusema?"

"Ya kusema."

"Lakini linauma?"

"Linauma."

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Mtoto aliacha mkono pale kwa muda. Msusi aligeuka, akaanza kuosha bakuli ambalo lilikuwa tayari limelambwa safi, na saluni mteja wa draya akaita kwamba anaungua.

Kuanzia siku ile Chiriku hakuachia neno lipite bila kulikagua. Mtu akifungua mdomo, yeye yupo: "Hiyo ya kweli au ya kusema?" Mama alisema, "Nimekufa kwa uchovu," akaulizwa. Mwalimu wa chekechea aliwaambia watoto watege masikio, akaulizwa yanategwa kwa kamba gani, au ni ya kusema. Baba alipiga simu kutoka barabarani kwamba yuko njiani, anapaa. "Anapaa ni ya kusema," Chiriku alimwambia mama baada ya kukata simu. "Na yuko njiani pia ni ya kusema."

Baada ya majuma kadhaa mama aliona kitu kingine. Mtoto alianza kutazama nyuso kabla ya kuuliza. Neno likitoka, macho yake yanakwenda kwa msemaji: anacheka? Kakunja uso? Mkono unafanya nini? Mara nyingine anatikisa kichwa peke yake na haulizi tena. Jambo lenye umbo alilipata upesi: mdomo mrefu, kichwa cha jiwe, macho ya paka. Yasiyo na umbo yalimpa taabu. Alikaa siku mbili na "moyo mweupe" akiuliza nani kamfungua mtu akauangalia.

Na moyo mweupe, bila shaka, alikuja kuelezwa na Mama Mdogo.

Maana wivu haukwenda popote. Usidhani kijiko cha supu kinatibu hayo. Mama alikoma kufumua nywele, hilo ndilo alilomudu; lakini kila msemo mpya uliotoka saluni ulimfanya ajione mtu aliyefika harusini chakula kimekwisha. Akaamua naye atafute vyake. Kwenye meza ya kukandia alimwomba Bi Hamira methali, akazikariri huku akikanda, akazipeleka nyumbani kama anayepeleka zawadi.

"Chiriku, mchelea mwana kulia hulia yeye."

Mtoto alimtazama usoni, akangoja. "Basi lia."

"Siyo mimi nilie. Maana yake..." Akaeleza. Alieleza mpaka methali ikafa mikononi mwake. Chiriku alimwonea huruma, akampigapiga goti.

"Ni nzuri, mama. Ila haina kitu cha kushika."

Jumamosi moja mchana, alikuwa akimwogesha uani kwenye beseni. Jua lilikuwa kali, maji yalikuwa ya vuguvugu, na mtoto alikuwa ametulia kupita kawaida. Mama alimpaka sabuni mgongoni. Mabega yalikuwa yamerudi kujaa.

"Mama."

"Naam."

"Mama Mdogo ananiita mwanangu. Ya kweli au ya kusema?"

Mkono wenye sabuni ulisimama.

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelibeba muda mrefu, limekaa ncha ya ulimi, na hakuna ambaye angemlaumu, maana lilikuwa kweli tupu. Mimi ndiye niliyekubeba tumboni. Mimi ndiye niliyekunyonyesha. Yule anasema tu. Lilimwasha kutoka. Alimtazama mwanawe kisogoni, kwenye mistari ile iliyonyooka.

"Ya kusema," alijibu.

Chiriku alichota povu, akalipuliza. Alikuwa anafikiri, ulimi ulikuwa umetokeza pembeni mwa mdomo.

"Lakini ananiogesha."

"Ndiyo."

"Na nikiota ndoto mbaya anakuja."

Hilo mama hakulijua. "Kumbe unaota ndoto mbaya?"

"Kidogo. Anakuja na taa." Akageuka ndani ya beseni, maji yakamwagika. Akamtazama mama usoni, kwa ile namna yake mpya ya kusoma mtu kabla ya kusema. "Basi hiyo ni ya kusema, lakini ya kweli."

Hakuna aliyemfundisha mtoto jambo lile. Mama alimwona akilitengeneza pale pale, kwa povu na maji. Na alikuwa ametamani awepo siku mwanawe atakapolipata, awepo yeye, siyo yule. Basi alikuwapo. Na lile lenyewe lilikuwa juu ya yule.

"Imekuumiza tumbo?" Chiriku aliuliza.

"Imeniuma."

"Sana?"

"Inatosha. Funga macho, nakumwagia maji."

Jumapili alasiri alimrudisha. Njia nzima aliomba mtoto asahau. Kuna mambo mengi njiani ya kumsahaulisha mtu wa miaka minne: mbwa, mafundi juu ya ngazi, gari lililoharibika katikati ya barabara na watu kumi wakilisukuma. Chiriku aliongea juu ya yote hayo bila kupumzika, na mama akaanza kutumaini.

Msusi alifungua mlango, mikono ina povu la kuoshea nywele.

"Karibu, mwanangu."

"Mama Mdogo," Chiriku alisema hapo hapo, "nimegundua. Ukisema mwanangu ni ya kusema, lakini ya kweli." Akavua viatu kwa kuvirusha, akapita chini ya mkono wake, akaingia ndani kutafuta kikombe chake.

Msusi alibaki pale. Povu lilikuwa likimdondoka kutoka viwikoni, hakujipangusa. Alimtazama mama Chiriku, na macho yalikuwa yamejaa.

"Umemwambia wewe, dada?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Shukrani yote ile, uso wote ule, ungemgeukia yeye. Mama Chiriku aliuona mlango huo umefunguka, akausogelea mpaka kizingitini.

"Mimi nilimwambia ni ya kusema tu," alisema. "La pili kalitoa mwenyewe."

Msusi alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa bega. "Basi ingia. Usisimame nje kama mpiga kura. Kuna chai."

"Leo siwezi."

"Leo?"

"Leo."

"Siku nyingine basi."

"Tutaona," mama Chiriku alisema, na alimaanisha hivyo hivyo, kwamba wataona.

Msusi aliitwa ndani. Chiriku alitaka kujua kama maziwa yapo. Mlango ukabaki wazi. Mama Chiriku alikuwa ameshageuka aliposikia mwanawe akicheka kule jikoni, kicheko kirefu, na tumbo likawaka pale pale panapowaka siku zote. Alisimama mpaka likapoa kidogo. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa kimeangukia nje, kwenye ngazi, kimelala ubavu. Alikiokota, akakikung'uta vumbi, akanyoosha mkono ndani ya mlango, akakipanga karibu na mwenzake, sambamba na kandambili za msusi. Kisha akashika njia ya kwenda kwake, kwa kuwa alfajiri mikate ilikuwa inamngoja.